Mkonge wa Tanga na Hesabu ya Maji

Mkonge ulifika pwani ya Tanga mwaka 1893, na shehena yenyewe ilibakia kidogo tu iwe hasara tupu. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alikuwa ameagiza vikonyo 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vikonyo ni miche midogo inayochipua juu kabisa kwenye mlingoti wa maua wa mkonge, ikakomaa hukohuko juu, kisha ikaanguka chini tayari kuota mizizi. Vilivuka Atlantiki hadi Hamburg, vikapakiwa upya kwenye meli ya kuja Afrika, na mizigo ilipofunguliwa vilivyokuwa hai vilikuwa 62. Vikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani, vikazaa vingine, na miaka 20 baadaye koloni lile la Wajerumani lilikuwa likiuza nje zaidi ya tani 20,000 za katani kwa mwaka.

Asili ya mmea huu ni Meksiko, na katani yake ilizoeleka kusafirishwa kupitia bandari ya Sisal katika rasi ya Yucatán. Henry Perrine, konseli wa Marekani mjini Campeche, ndiye aliyeupeleka Florida katika miaka ya 1830. Aliuawa kisiwani Indian Key mwezi Agosti 1840, wakati wa vita kati ya Wamarekani na Waseminole, lakini mimea yake ilibaki ikajisambaza yenyewe. Wenye mashamba wa Yucatán hawakuwa na haja ya kuwauzia miche washindani wao, kwa hiyo Hindorf, aliyesoma habari za mkonge katika jarida la bustani ya Kew ya Uingereza, aliagiza kwa wauza miche wa Florida. Wageni wanaotembelea Tanga husimuliwa pia kwamba vikonyo viliibwa Meksiko na kufichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Ni hadithi tamu, ila maelezo ya vikonyo kufika vikiwa hai yamo ndani ya mmea wenyewe, si ndani ya mamba. Mche wa kahawa uliong'olewa na kuachwa bila udongo wala maji hufa katika siku chache. Kikonyo cha mkonge kinaweza kufunga vitundu vyake vyote na kuishi kwa akiba yake kwa wiki kadhaa, na uwezo huo unatokana na namna mkonge unavyotengeneza chakula chake.

Kila mmea wa kijani unahitaji hewa ya ukaa kutoka angani, na njia yake ya kuipata ni vitundu vidogo vya kwenye jani viitwavyo stomata. Tatizo ni kwamba kitundu kinachoingiza hewa ya ukaa ndicho hichohicho kinachotoa mvuke wa maji. Hewa ya ukaa angani ni haba mno, na ndani ya jani hewa imeshiba mvuke wakati wote. Hivyo kwa kila chembe ya ukaa inayoingia, mamia ya chembe za maji hutoka. Mimea iliyo mingi duniani, mpunga, muhogo, maharage, mnazi na mikahawa ikiwemo, haina ujanja wowote wa kukwepa gharama hiyo. Hufungua stomata mchana jua likiwaka, hunasa ukaa kwa kimeng'enya kiitwacho rubisko, na zao la kwanza la kazi hiyo ni kiunganiko chenye atomi tatu za kaboni. Ndiyo maana njia yao huitwa C3. Melvin Calvin, Andrew Benson na wenzao wa Berkeley, California, waliifuatilia hatua kwa hatua kwa kutumia kaboni yenye mnururisho, na Calvin akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru ikiwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani. Mmea wa C3 hupoteza takriban gramu 400 hadi 500 za maji kwa kila gramu ya hewa ya ukaa unayoinasa.

Rubisko ina kasoro moja kubwa: joto likipanda hukosea mara kwa mara, ikanasa oksijeni badala ya ukaa, na kazi iliyokwisha kufanyika hupotea. Nyasi nyingi za nchi za joto zimepata dawa ya kasoro hiyo. Mahindi, mtama na miwa hunasa ukaa kwanza kwa kimeng'enya kingine, PEP kaboksilesi, ambacho hakidanganyiki na oksijeni. Hutengeneza asidi yenye atomi nne za kaboni, kisha huisukuma hadi kwenye seli zilizoizunguka mishipa ya jani, ambako ukaa huachiliwa kwa wingi na rubisko huukuta umejaa. Kwa kuwa kimeng'enya cha kwanza ni hodari, stomata hazihitaji kufunguka sana, na gharama ya maji hushuka hadi gramu 250 au 300 hivi kwa gramu ya ukaa. Hii ndiyo njia ya C4. Waliogundua dalili zake na kuzieleza walikuwa watu wa sukari: Kortschak, Hartt na Burr wa chama cha wakulima wa miwa Hawaii walichapisha matokeo yao mwaka 1965, na mwaka uliofuata Hatch na Slack, waliokuwa katika maabara ya kampuni ya sukari mjini Brisbane, Australia, wakaonyesha mpangilio wa njia yenyewe.

Mkonge una vimeng'enya vyote viwili hivyo, lakini haukuvitenga kwa seli. Umevitenga kwa saa. Jua likizama stomata hufunguka, PEP kaboksilesi hunasa ukaa gizani, na asidi maliki inayotengenezwa hulundikwa ndani ya vakuoli, mfuko mkubwa wa maji uliomo katika kila seli ya jani. Kukipambazuka stomata hufungwa. Asidi hutolewa vakuolini kidogokidogo, ukaa unaachiliwa ndani ya jani lililofungwa, na rubisko, sasa ikiwa na mwanga wa jua, huugeuza sukari bila kitundu kimoja kuwa wazi. Mpango huu huitwa umetaboli wa asidi wa Krasulasia, kwa kifupi CAM, kwa sababu ulichunguzwa kwanza katika jamii ya mimea ya Krasulasia.

Faida ya kungoja usiku inaweza kukokotolewa kwa hali ya hewa ya Tanga yenyewe. Mchana wa Februari wenye nyuzi 32, hewa iliyoshiba ndani ya jani ina kanieneo la mvuke la kilopaskali 4.8 hivi, nje, ikiwa unyevu ni asilimia 60, kuna 2.9. Tofauti ya karibu 1.9 ndiyo inayovuta maji nje. Usiku wa nyuzi 23 wenye unyevu wa asilimia 92, ndani kuna 2.8 na nje 2.6. Tofauti imebaki 0.2. Kitundu kilekile, kikiwa wazi kwa upana uleule, kitapoteza usiku kiasi cha moja ya nane tu ya maji ambayo kingepoteza mchana. Kwa ujumla mimea ya CAM hutumia gramu 50 hadi 100 za maji kwa gramu ya ukaa, na baadhi ya mimea ya jamii ya mkonge katika majangwa ya Amerika imepimwa ikitumia pungufu ya hapo. Ukame ukizidi, mkonge hufunga stomata usiku pia na kuzungusha ndani kwa ndani ukaa wa upumuaji wake wenyewe. Haukui, lakini haufi. Hali hiyo ndiyo iliyosaidia vikonyo vile 62.

Ajabu ni kwamba dalili za jambo hili zilikuwa zimeonekana muda mrefu kabla ya Hindorf kuzaliwa. Mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva aliona kwamba mpungate unaweza kuvuta hewa gizani kwa namna ambayo majani mengine hayafanyi. Mwaka 1813 Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, aliandika barua akieleza aliyoyagundua kwa ulimi wake: majani ya mmea mmoja wenye asili ya Madagaska, ambao siku hizi hupatikana pia katika bustani za pwani na huota miche kwenye kingo za majani yake, yalikuwa makali kama ndimu alfajiri, yakapoteza ladha adhuhuri, na jioni yakawa na uchungu. Heyne hakujua kwamba alikuwa akionja ghala la usiku likitumika mchana. Uchunguzi wa dhati wa asidi hiyo ulikuja katika karne ya 20, hasa miaka ya 1940 katika maabara ya Meirion Thomas huko Newcastle, na picha kamili ya zamu za usiku na mchana ikakamilika miaka ya 1960 na 1970. Wakati huo biashara ya mkonge ilikuwa imekwisha kupanda kileleni na kuanza kuporomoka. Mabwana shamba wa Tanga walijua kwamba mkonge huvumilia kiangazi, wakatajirika kwa uvumilivu huo kwa miaka 70, bila mtu wa kuwaambia kwamba zao lao hufanya kazi ya shamba usiku.

Unene wa jani peke yake hauonyeshi ni njia ipi inayotumika ndani. Mbuyu umejaza maji shinani, lakini majani yake hufuata C3 na hupukutishwa kiangazi kikianza. Mnyaa, ua la kawaida la maboma na mashamba, una njia mbili kwa mpigo: vijani vyake vidogo vya msimu wa mvua ni vya C3, na vitawi vyake vya kijani ni vya CAM. Katika chumvichumvi za nyuma ya mikoko hukua mmea mnene uitwao Suaeda monoica ambao hufuata C4. Mshubiri, nanasi na vanila ni watu wa usiku kama mkonge. Hata miongoni mwa hao utaratibu haufuatwi kwa ukali uleule siku zote. Mvua ikinyesha vizuri, mimea ya jamii ya mkonge hufungua stomata alasiri mapema na kuchelewa kuzifunga asubuhi, ikaongeza ukuaji kwa kutumia maji mengi zaidi.

Uhodari wa kubana maji una bei yake. Kiasi cha ukaa ambacho mkonge unaweza kunasa kwa usiku mmoja hakizidi nafasi iliyomo vakuolini. Ghala likijaa, kazi husimama hata kama usiku bado mrefu. Ndiyo maana jani lazima liwe nene: unene ni tangi la maji na ni stoo ya asidi pia. Na ndiyo maana mkonge hauna haraka. Kutoka kupandwa hadi jani la kwanza kukatwa ni miaka miwili hadi mitatu, na maisha yote ya mmea, miaka minane hadi kumi na miwili, huzaa majani 200 hadi 250 tu kabla mlingoti haujapanda, vikonyo havijaanguka na mmea haujafa. Zao la namna hii halikuwa la mwenye jembe moja. Lilihitaji mtu au kampuni inayoweza kulipa wafanyakazi, kufyeka msitu na kununua mitambo huku ikingoja miaka mitatu bila senti. Sura ya umiliki wa ardhi ya Tanga, kuanzia Wajerumani hadi kampuni za baada yao, ilianza kuchorwa hapo.

Wajerumani wenyewe hawakuupa mkonge nafasi ya kwanza. Tumaini lao kubwa la miaka ya 1890 lilikuwa kahawa ya milima ya Usambara, na mtaji mwingi ulizama huko katika ardhi ambayo baada ya mavuno machache haikuwa na kitu tena. Mpira ulifuata, bei yake ikaanguka vibaya mwaka 1913 kwa sababu ya mashamba mapya ya Asia. Mkonge ulibaki umesimama. Si kwamba Tanga ni jangwa: pwani ile hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi kuliko sehemu za Yucatán zilikolimwa katani. Kilichowashinda wakulima wa mazao mengine ni kutotabirika kwa mvua hiyo. Vuli inaweza kukosekana kabisa, na kaskazi ya Januari na Februari hukausha udongo mwekundu hadi ukapasuka. Mkonge haukujali vuli imekosekana mwaka gani. Uliogopa kitu kingine, maji yaliyotuama kwenye mizizi, na ulipenda ardhi yenye chokaa, ambayo ukanda wa matumbawe wa pwani uliitoa bure.

Mwenye shamba alipokata jani, hesabu ya maji iligeuka. Jani la mkonge mbichi ni maji kwa sehemu iliyo kubwa, na katani iliyomo ndani yake ni asilimia nne hivi ya uzito. Ili kupata tani moja ya katani kavu, tani 25 za majani zilipaswa kutolewa shambani, na kwa haraka, kwani jani lililokaa siku mbili juani hukauka na utomvu wake hung'ang'ania nyuzi. Hakuna punda wala tela la ng'ombe lililomudu kazi hiyo. Kila shamba kubwa lilitandikwa reli yake nyembamba, na troli zilizosheheni majani zikavutwa hadi kiwandani. Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910, ilipita katikati ya mashamba ya Ngomeni, Muheza, Korogwe na Mombo. Mara nyingi husemwa kwamba reli ndiyo iliyoleta mkonge. Ni kweli nusu. Kwa upande mwingine, zao ambalo sehemu 24 kati ya 25 za uzito wake ni za kutupwa halingeweza kuishi mbali na reli.

Kiwandani kulikuwa na korona, mtambo mkubwa uliochukua jina lake kutoka kwa aina ya mashine za Kijerumani. Majani huingia yakiwa yamelala ubavu, hushikwa kwa mnyororo au kamba, na magurudumu mawili yenye visu butu hukwangua nyama ya jani upande mmoja kisha wa pili. Nyuzi nyeupe zenye kijani kidogo hutoka upande wa pili, zikaanikwa juani kwenye nyaya na baadaye kupigwa brashi. Wakati wote huo maji humiminwa juu ya visu kuosha utomvu, na kiasi kinachotumika hukaribia mita za ujazo 100 kwa kila tani ya katani. Hapo ndipo kilipo kichekesho cha biashara nzima. Mmea ambao kwa miaka kumi ulingoja usiku uingie ndipo ufungue vitundu vyake, ili usipoteze matone, ulimaliza safari yake katika mtambo uliokunywa mto. Mashamba yalilazimika kukaa kando ya Pangani, Sigi na vijito vyao, na mabaki ya kijani yenye asidi yalirudishwa humohumo mtoni kwa miongo mingi.

Unene wa jani uliamua pia aina ya wafanyakazi. Zao la msimu, kama pamba, huhitaji watu wengi kwa wiki chache. Mkonge hauna msimu. Kwa kuwa jani hubeba maji yake lenyewe, hukatwa masika, kiangazi na vuli, na korona iliyonunuliwa kwa fedha nyingi haikutakiwa kulala. Mashamba yakahitaji maelfu ya watu mwaka mzima, na watu wa Tanga, Wabondei, Wadigo na Wasambaa waliokuwa na mashamba yao ya kulima, hawakuwa na sababu ya kujifunga huko kwa mshahara ule. Wafanyakazi wakatafutwa mbali: Waha na Wanyamwezi kutoka magharibi, Wabena na Wanyakyusa kutoka kusini, Wamakonde wa Msumbiji, watu wa Rwanda na Burundi. Hao ndio manamba, walioandikwa kwa mikataba na kutambuliwa kwa namba zao, wakasafirishwa kwa mabehewa na malori, wakalala kambini. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30. Haikujaa, mshahara haukuiva. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kiliunda ofisi maalumu ya kuwaandikisha, iliyojulikana kwa kifupi chake SILABU.

Mkataji alipewa kazi ya siku kwa idadi ya mizigo, na mzigo ulikuwa majani 30. Aliingia kati ya safu, akakata majani ya chini kwa kisu kirefu, akaondoa mwiba mweusi wa nchani, akafunga, akabeba hadi kwenye njia ya troli. Utomvu wa mkonge una vijisindano vya kalsiamu oksaleti vinavyowasha ngozi mpaka ikatoka malengelenge, na aliyeanza kazi alichukua wiki kadhaa kuizoea, kama aliizoea. Msimamizi alikuwa na jambo lake la kuangalia: mkataji asimalize majani. Takriban majani 20 yalipaswa kubaki juu ya kila mmea. Aliyekata zaidi ili atimize mizigo yake alikuwa amebomoa ghala ambalo mmea ungelitumia usiku ule, na mkonge ulionyolewa namna hiyo ulidumaa kwa miezi.

Vita kuu ya kwanza iliwanyang'anya Wajerumani mashamba yao. Serikali ya Waingereza iliyanadi, na wanunuzi walikuwa Waingereza, Wagiriki, Waswisi na Wahindi. Familia ya Karimjee Jivanjee ya Zanzibar ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa. Vita ya pili ikaleta neema ya kutisha. Japani ilipoteka Ufilipino na Java mwaka 1942, nchi za Magharibi zilipoteza kwa mkupuo mmoja katani ya abaka na mkonge wa Asia, na kamba za meli na za kufungia mavuno ya ngano sasa zilitegemea Afrika Mashariki. Wafanyakazi wa Tanganyika walilazimishwa kisheria kwenda mashambani. Amani iliporudi bei ziliendelea kupanda, zikafikia upeo wakati wa vita vya Korea, na mji wa Tanga ukajenga barabara, majumba na shule kwa fedha ya katani.

Utafiti wa zao hili ulikuwa na makao mawili, Amani katika milima ya Usambara Mashariki na kituo cha Mlingano, kilichoanzishwa mwaka 1934 karibu na Ngomeni. Shida ya watafiti ilikuwa kwamba mkonge wa kawaida hauzai mbegu zenye uhai kwa urahisi. Una seti tano za kromosomu, na karibu kila mmea wa Tanganyika ulikuwa nakala ya vile vikonyo vichache vya Kikokwe. Waligeukia ndugu zake. Aina moja iliyotambuliwa Amani yenyewe, na kuitwa Agave amaniensis, ilizalishanishwa na Agave angustifolia, kisha kizazi chake kikarudishwa kwa amaniensis. Katika mistari mingi iliyojaribiwa, namba 11648 ilishinda. Mmea mmoja wake huweza kutoa majani zaidi ya 600 kabla ya kutoa mlingoti. Njia ya usanisinuru ilibaki ileile ya CAM, wala ghala la usiku halikupanuliwa kwa kiasi hicho. Kilichobadilika ni kwamba mmea uliahirisha maua, ukaendelea kuhesabu majani kwa miaka mingi zaidi kwa maji yaleyale machache. Udhaifu wake ulijitokeza palepale penye unyevu mwingi: ugonjwa wa pundamilia, unaoozesha majani kwa michirizi ya zambarau na kijani. Katika miaka ya 1960 mstari huo ulipelekwa China, ambako umekuwa mkonge mkuu wa nchi hiyo.

Kilele kilifikiwa mwaka 1964, mwaka wa Muungano, kwa tani zipatazo 230,000. Kwa kipimo cha 25 kwa moja, majani zaidi ya tani milioni tano yalipita kwenye korona za nchi mwaka ule. Bei ikaanza kuanguka mwaka huohuo. Kamba za polipropilini, zinazotengenezwa kwa mafuta ya petroli, hazikuhitaji miaka mitatu ya kungoja wala reli ya troli wala mto, na kiwanda cha plastiki kiliweza kuongeza uzalishaji ndani ya miezi pale ambapo mkonge ungehitaji nusu muongo. Azimio la Arusha la 1967 lilifuatiwa na serikali kuchukua sehemu kubwa ya mashamba. Kuilaumu hatua hiyo peke yake kwa anguko lote, kama inavyofanyika mara nyingi, ni kusahau kwamba bei ilikuwa inaporomoka kwa miaka mitatu kabla yake. Hata hivyo mashamba hayakupandwa upya kwa kasi iliyotakiwa, na katika zao ambalo uzembe wa leo huonekana baada ya miaka mitatu, pengo lilipodhihirika lilikuwa limekwisha kuwa kubwa. Kufikia miaka ya 1990 nchi nzima ilitoa chini ya tani 40,000, na Brazili ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza duniani kwa mkonge wa nyanda kame za Bahia.

Kenya iliupata mkonge kutoka Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20. Mashamba ya kwanza yalikuwa upande wa Thika, lakini yaliyodumu zaidi yako katika nchi kavu: Mwatate na Voi katika Taita, Kibwezi, na Vipingo karibu na pwani. Huko Taita mahindi hukosa mvua ya kuyakomaza katika misimu mingi, na tofauti kati ya gramu 300 za maji na gramu 100 huonekana kwa macho: shamba la mahindi limekauka wima, na ng'ambo ya barabara safu za mkonge bado za kijani cha kijivu, zimepunguza mwendo tu.

Tanzania ilibinafsisha mashamba yake mwishoni mwa miaka ya 1990, na sehemu yake ikagawiwa wakulima wadogo wanaopeleka majani kwenye korona ya pamoja. Hivyo zao hili limeingia mikononi mwa watu wasio na mtaji wa kungoja, na jibu lao limekuwa kuchanganya mazao. Mkonge hupandwa kwa safu mbilimbili, mimea 4,000 hadi 6,000 kwa hekta, na nafasi pana kati ya jozi za safu hulimwa mahindi na maharage kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Shamba moja sasa lina njia zote tatu: maharage ya C3 na mahindi ya C4 hunywa maji mengi wakati wa mvua na kuvunwa, kisha mkonge hubaki na unyevu uliosalia. Mabaki ya korona nayo yameanza kupata kazi. Huko Hale, katika miaka ya 2000, ulijengwa mtambo wa kuchachusha nyama ya jani kuwa gesi ya kuendeshea jenereta, na wachunga ng'ombe wa maeneo ya jirani hulisha mifugo yao mabaki hayo kiangazi, malisho yanapokuwa yamekwisha.